Seva ya simu ikizima usiku, wa kwanza kujua asiwe mteja

Na Mwandishi wa Habari za Biashara

Kampuni ya usafirishaji yenye matawi Dar es Salaam, Kigali na Lubumbashi inaweza kuwa na mtambo mmoja tu wa simu kwa ofisi zote tatu. Simu za tawi kwa tawi hupita kwenye intaneti bila kulipiwa kwa dakika, na mteja anayepiga namba ya makao makuu huunganishwa na karani wa Kigali kana kwamba yuko chumba cha pili. Faida hiyo yote imekaa ndani ya kompyuta moja, yaani seva ya simu. Na seva hiyo ina tabia ambayo wenye kampuni wengi huigundua wakiwa wamekwishachelewa: ikiharibika, inanyamaza.

Ukimya huo ndio hasara yenyewe. Taa za simu za mezani zinaweza kuendelea kuwaka, karani akaendelea na makaratasi yake, na ofisi nzima ikaonekana imetulia. Wakati huohuo dereva yuko Rusumo, namba ya sili kwenye kontena haifanani na iliyoandikwa kwenye hati, afisa wa forodha anataka maelezo ya wakala, na ni Ijumaa saa 11 jioni. Dereva anapiga simu ya ofisi, hakuna kinachoita. Lori linalala. Siku za bure za kontena zinaendelea kuhesabiwa, na kampuni ya meli haitauliza kama simu yako ilikuwa mbovu.

Kwa jicho la uchumi, gharama kubwa ya mtambo wa simu haiko kwenye ununuzi wake. Iko kwenye zile saa ambazo mtambo umekufa nawe hujui. Saa hizo haziingii kwenye hesabu za mwisho wa mwezi, kwa kuwa simu ambayo haikuingia haiachi risiti.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuifanya seva ijikague yenyewe kila baada ya dakika chache na kutoa taarifa kwa mtu, usiku na mchana. Programu zinazohitajika ni za bure na karibu zote tayari zimo ndani ya seva. Kazi ya kuziandika ni ya fundi, lakini maamuzi kadhaa ni ya mwenye biashara, na ndiyo maana jambo hili linaandikwa hapa.

Hati na mzigo

Mfano tutakaoutumia ni Asterisk, programu ya simu inayotumika sana kwenye ofisi ndogo na za kati. Iliandikwa mwaka 1999 na Mmarekani Mark Spencer, aliyehitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake ndogo na kuona bei ya mitambo ya dukani haimwezi. Akaandika wake, kisha akaugawa bure pamoja na msimbo wake. Kampuni aliyoianzisha, Digium, ilinunuliwa na Sangoma ya Kanada mwaka 2018, lakini Asterisk yenyewe imebaki kuwa ya bure. Wengi huiona kupitia kurasa za FreePBX bila kujua kwamba chini yake kuna Asterisk.

Ili kuelewa ni nini kinakaguliwa, msomaji wa sekta hii hana haja ya kwenda mbali. Simu ya intaneti husafiri kama shehena inayovuka mpaka. Kuna nyaraka, na kuna mzigo. Nyaraka ni mazungumzo ya mitambo miwili: nani anampigia nani, je, anaruhusiwa, aite au akatae. Kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu uitwao SIP, kwa kawaida kupitia mlango namba 5060 wa seva. Mzigo ni sauti yenyewe, ambayo hupita njia nyingine iitwayo RTP, kwa milango mingi ambayo Asterisk kwa kawaida huipanga kati ya 10000 na 20000.

Kila wakala anajua kinachoweza kutokea hapo. Nyaraka zinapita dirishani, muhuri unagongwa, lakini lori limekwama kwenye foleni nyingine. Kwenye simu hali hiyo hujitokeza hivi: simu inaita, inapokelewa, halafu upande mmoja hausikii kitu. Mara nyingi chanzo ni ruta au ukuta wa usalama uliofungua mlango wa nyaraka na kusahau milango ya mzigo. Kwa hiyo ukaguzi unaotazama SIP peke yake utakuambia mambo ni shwari siku ambayo wateja wako wanapiga kelele "haloo, haloo" na kukata.

Saa ya cron

Kwenye seva za Linux kuna programu iitwayo cron. Kazi yake ni moja: kusoma orodha ya kazi na muda wake, na kuziendesha muda huo ukifika. Orodha hiyo ina mistari, na kila mstari huanza na nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Mstari unaoamuru skripti ya ukaguzi iendeshwe kila baada ya dakika 5, siku zote, ni huu:

*/5 * * * * /usr/local/bin/kagua-simu.sh

Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano. Ifuatayo ni fupi, na kwa ofisi ndogo inatosha kuanzia:

#!/bin/bash
PATH=/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
KOSA=""
timeout 10 asterisk -rx "core show uptime" | grep -q "System uptime" || KOSA="$KOSA Asterisk haijibu."
timeout 10 asterisk -rx "pjsip show registrations" | grep -qw "Registered" || KOSA="$KOSA Laini ya nje imekatika."
ping -c 5 -q 192.168.1.1 > /dev/null || KOSA="$KOSA Ruta haijibu."
JAA=$(df --output=pcent /var | tail -1 | tr -dc 0-9)
[ "$JAA" -gt 85 ] && KOSA="$KOSA Diski imejaa asilimia $JAA."
if [ -n "$KOSA" ]; then /usr/local/bin/tuma-ujumbe "$KOSA"; fi

Kwa lugha ya kawaida: iulize Asterisk kama iko hai na usiisubiri zaidi ya sekunde 10. Iulize kama bado imesajiliwa kwa mtoa huduma wa laini za nje. Bisha hodi kwenye ruta, ambayo anwani yake hapa ni ya mfano. Pima diski. Kukiwa na kasoro yoyote, ita skripti ya pili, tuma-ujumbe, ambayo fundi ataiandika kulingana na njia mliyochagua: barua pepe, ujumbe wa simu ya mkononi au vyote viwili.

Mstari wa PATH unaonekana mdogo lakini ndio unaowaangusha mafundi wengi. Cron huendesha kazi katika mazingira finyu kuliko yale ya fundi aliyeketi mbele ya kompyuta, na Asterisk kwa kawaida hukaa kwenye /usr/sbin, ambako cron huenda isitazame kabisa. Skripti inafanya kazi vizuri mbele ya bosi, halafu usiku inashindwa. Vilevile lazima iendeshwe kwa akaunti iliyoruhusiwa kuzungumza na Asterisk.

Jambo jingine ni umri wa maelekezo. Maelekezo mengi ya miaka ya nyuma hutumia amri "sip show peers". Amri hiyo ilikuwa ya moduli ya zamani iliyoondolewa kabisa katika Asterisk toleo la 21, mwaka 2023. Kwenye mtambo mpya tumia zile za pjsip. Kampuni yenye watoa huduma wawili ikague kila laini kwa jina lake, maana skripti hiyo hapo juu itaridhika hata laini moja tu ikiwa hai. Na mtoa huduma asiyetumia usajili, anayeitambua seva yako kwa anwani yake tu, hali yake husomwa kwa "pjsip show contacts", ambako neno linalotafutwa ni Avail.

Kuhusu diski, wengine hushangaa inahusianaje na simu. Inahusiana. Kampuni zinazorekodi mazungumzo ili kumaliza ubishi wa "nilikuambia, hukuniambia" hujaza folda ya /var/spool/asterisk/monitor taratibu hadi siku seva inakosa pa kuandika. Diski iliyojaa haiui mtambo kwa kishindo. Kwanza rekodi zinakosekana, kisha kumbukumbu za simu, kisha mambo ya ajabuajabu yanaanza.

Saa 2 asubuhi si saa 2 ya seva

Hapa kuna mtego wa kwetu sisi watumiaji wa Kiswahili. Mkurugenzi anamwambia fundi: "Nataka ripoti kila siku saa 2 asubuhi." Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo saa 2 yake ni saa 8 usiku yetu. Saa 2 asubuhi huandikwa 8. Kama seva imekodishwa nje na saa yake imewekwa kwa majira ya UTC, basi kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala unatoa 3 zaidi na kuandika 5. Ujumbe huohuo utamkuta meneja wa Kigali au Lubumbashi saikiwa saa 1 asubuhi, kwa sababu wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Andikeni kwenye karatasi muda wa kila tawi kabla ya kumpa fundi kazi.

Simu ya majaribio ya kila asubuhi

Kwa kuwa sauti ina njia yake, kipimo cha uhakika ni kupiga simu kweli. Asterisk inaruhusu hili kwa njia rahisi: faili dogo lenye namba ya kupigiwa na kazi ya kufanya baada ya simu kupokelewa, likiwekwa kwenye folda ya /var/spool/asterisk/outgoing, mtambo hupiga mara moja. Faili liandikwe kwanza folda nyingine ya diski hiyohiyo kisha lihamishwe, la sivyo mtambo unaweza kulisoma likiwa nusu.

Panga simu hiyo kabla ya ofisi kufunguliwa, tuseme saa 1 na nusu asubuhi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Itoke kwa mtoa huduma wako, iende kwenye simu ya mkononi ya mlinzi au karani wa zamu, imsomee "bonyeza moja kama unanisikia". Akibonyeza na mtambo ukapokea, umethibitisha nyaraka na mzigo, kwenda na kurudi. Gharama yake ni dakika moja ya simu kwa siku. Katika yote yaliyomo kwenye makala haya, kama una nafasi ya kufanya moja tu, mimi ningechagua hili.

Ubora wa njia nao unapimika. Mapendekezo ya shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, yanataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa raha. Tawi linalotumia setilaiti ya kimo kikubwa, kilomita karibu 36,000 juu ya dunia, halitafikia kipimo hicho kamwe: kwenda na kurudi huchukua takriban nusu sekunde. Usimwekee tawi hilo kikomo cha Nairobi, au skripti italalamika kila dakika 5 hadi mtu aizime kwa hasira. Angalia pia upana wa laini. Simu moja ya sauti isiyobanwa, aina ya G.711, hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu 10 kwa wakati mmoja zinakaribia megabiti moja, kabla karani hajaanza kutuma picha za nyaraka.

Maiti hajitangazii kifo

Skripti iliyo ndani ya seva haiwezi kutoa taarifa kama umeme umekatika, betri imeisha na seva yenyewe imezimika. Haiwezi pia kutuma barua pepe kwa intaneti ambayo haipo. Hili ndilo pengo ambalo nadhani linasahauliwa kuliko mengine yote.

Dawa yake inafahamika kwa yeyote mwenye ghala. Mlinzi wa usiku aliyeagizwa kupiga kipenga kila saa haambiwi apige akiona mwizi tu. Anapiga ili ijulikane yuko macho. Kipenga kisiposikika, watu wanaamka. Vivyo hivyo, seva itume salamu kila dakika 5 kwa kompyuta nyingine iliyo mahali pengine, kwenye umeme mwingine na intaneti nyingine. Ile ya nje ikikosa salamu mara tatu mfululizo, yenyewe ndiyo inayotoa taarifa. Kompyuta hiyo inaweza kuwa ya tawi lako la pili. Zipo pia huduma za intaneti zinazofanya kazi hiyo, nyingine bila malipo kwa matumizi madogo. Kwa taarifa zinazotoka ndani, modemu ya USB yenye laini ya simu ya mkononi huisaidia seva kutuma ujumbe hata intaneti ya ofisi ikiwa imekatika, mradi mtu akumbuke kuweka salio.

Tarehe 12 Mei 2024 inafaa kukumbukwa. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo seva iliyoko Dar es Salaam inakuwa nzima kabisa, ila mtoa huduma aliyeko Ulaya hafikiki. Skripti nzuri hubisha hodi kwa hatua tatu: ruta ya ofisi, kisha mtandao wa kampuni ya intaneti ya hapa nchini, kisha mtoa huduma wa laini za nje. Ujumbe ukisema "ruta inajibu, kampuni ya intaneti inajibu, laini ya nje haijibu", meneja anajua hakuna sababu ya kumwamsha fundi aje azime na kuwasha mashine. Anachotakiwa kufanya ni kuwaelekeza madereva na wateja kwenye namba za simu za mkononi mpaka njia irudi.

Wezi wa dakika

Kuna hitilafu moja ambayo inakuja na ankara. Kila seva ya simu iliyo wazi kwenye intaneti hubishwa hodi na programu za wahalifu zinazojaribu namba za ndani 100, 101, 102 na nywila kama 1234. Wakiingia, hawakati simu zako. Wanazitumia, usiku na hasa mwisho wa wiki, kupiga namba za nje zenye tozo kubwa ambazo wao hupata mgawo wake. Mtambo unafanya kazi vizuri kupita kiasi, na Jumatatu deni ni la kwako.

Kwa hiyo mwongezee mlinzi wako kazi. Nje ya saa za ofisi, kila dakika 10, ahesabu simu zinazoendelea kwa amri ya "core show channels count". Ofisi iliyofungwa yenye simu 6 hewani saa 9 usiku ina tatizo. Programu ya Fail2ban, nayo ya bure, hufungia anwani zinazokosea nywila mara kwa mara. Lakini kinga iliyo bora kuliko zote haimo kwenye kompyuta: chagua malipo ya kabla, weka salio la wastani, na umwombe mtoa huduma azuie nchi ambazo huna biashara nazo. Msafirishaji wa njia ya Tunduma na Kasumbalesa hana sababu ya kuacha wazi visiwa vya Pasifiki.

Nani ataamka

Mafundi wengine hupenda skripti iwashe upya Asterisk kila inapoona kasoro. Mwenye biashara asikubali haraka. Kuwasha upya kwa nguvu hukata simu zote zinazoendelea, na kama tatizo lilikuwa la mtoa huduma, umeongeza hasara bila kuponya kitu. Ikibidi, ipo amri ya "core restart when convenient" inayosubiri hadi pasiwe na simu hewani. Na kila ikitumika, ujumbe utumwe, kwa sababu mtambo unaowashwa upya mara nne kwa wiki unaumwa hata kama wateja hawajalalamika.

Wingi wa ujumbe nao ni ugonjwa. Skripti hapo juu, ikiachwa ilivyo, itatuma ujumbe kila dakika 5 usiku kucha. Fundi aiongezee kumbukumbu: itoe taarifa kasoro ikijirudia mara tatu, kisha inyamaze, kisha iseme tena hali ikirudi kuwa nzuri. Mtu anayepokea ujumbe 40 kwa siku hausomi hata mmoja.

Kisha amueni majina. Ujumbe wa saa 7 usiku uende kwa nani? Mkuu wa kampuni hapaswi kuwa wa kwanza, wala fundi wa nje ambaye mkataba wake unaishia saa 11 jioni. Msimamizi wa zamu ya malori anafaa, kwa kuwa yuko macho na ndiye anayejua lori gani liko mpakani. Mpeni karatasi ya ukurasa mmoja: ujumbe huu ukija fanya hivi, namba ya mtoa huduma ni hii, namba za mkononi za akiba ni hizi.

Mkishamaliza, chagueni Jumamosi mchana yenye kazi chache, mchomoe waya wa intaneti wa seva bila kumwambia msimamizi, na muanze kuhesabu dakika. Kwa mpango wa dakika 5 na kukosa salamu mara tatu, simu yake inapaswa kulia kabla ya dakika 20. Isipolia, rudisheni waya na mwiteni fundi angali bado mjini.